Sola kubwa: ujenge juu mlimani au chini jangwani? Tulinganishe kabla hujasaini

Kuna swali linarudi kila mara watu wakiongelea umeme wa jua na majibu yake huwa ya kishabiki tu, kwamba je mradi mkubwa wa sola, wa megawati mia na kuendelea, ni bora uwekwe juu kabisa kwenye nyanda za baridi mita 3,000 au 4,000 hivi, ama uwekwe chini kwenye jangwa la joto ambako ardhi ni tambarare na lori linafika bila shida. Wa mlimani watakutajia Cauchari ya Argentina na miradi ya China ya Qinghai na Sichuan, wa jangwani watakutajia Bhadla ya India na Benban ya Misri, halafu kila mtu anakomaa na lake. Hapa naziweka pande zote mbili ubavu kwa ubavu, ila nisiwafiche, mimi jibu langu linategemea vitu viwili ambavyo wala havihusiani na jua: laini ya umeme na bwawa. Tutafika huko.

Wanaoshindanishwa ni hawa:

| Mradi | Ulipo | Mwinuko | Ukubwa |
|---|---|---|---|
| Cauchari | Jujuy, Argentina | zaidi ya mita 4,000 | MW 300 |
| Kela | Sichuan, China | mita 4,000 hadi 4,600 | MW 1,000 |
| Longyangxia | Qinghai, China | karibu mita 2,900 | MW 850 |
| Bhadla | Rajasthan, India | chini, jangwa la Thar | MW 2,245 |
| Benban | Aswan, Misri | chini, jangwani | MW 1,650 za paneli |

(Kuna na Caipeng huko Tibet ambayo imepita mita 5,000, ila awamu yake ya kwanza ni megawati 50 tu, kwa hiyo naiacha pembeni, nitaitaja kwenye betri.)

Jua na joto

Kwanza tuondoe hii ya "mlimani ni karibu na jua". Jua liko kilomita kama milioni 150 kutoka hapa, sasa hizo kilomita nne ulizopanda si kitu. Kinachobadilika ni hewa. Ukiwa mita 4,000 zaidi ya theluthi moja ya hewa yote umeshaiacha chini yako, pamoja na sehemu kubwa ya mvuke na vumbi vinavyomeza mwanga, ndo maana anga la huko ni la bluu nzito na mwanga unafika ukiwa haujachujwa sana. Puna ya Argentina (nyanda za juu za Andes) na jangwa la Atacama la Chile ziko kwenye maeneo yenye jua kali kuliko karibu kote duniani. Lakini Aswan nayo si haba, kwa hiyo kwa mwanga peke yake mlima unashinda ila haushindi kwa mbali kama watu wanavyodhani, na mlima wenye mawingu ya kila mchana unaweza kabisa kupigwa na jangwa kavu la chini. Mwinuko bila ukavu haukusaidii.

Kwenye joto ndo mlima unajidai. Paneli ya silikoni nguvu yake iliyoandikwa nyuma inapimwa ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo inapunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4, kutegemea aina. Na kumbuka paneli juani haina joto sawa na la hewa, jua likiwaka vizuri inapanda nyuzi kama 30 juu ya hewa iliyoizunguka. Chukua Bhadla, ambako hewa kufika nyuzi 45 kiangazi wala si habari: paneli iko kwenye 75, yaani 50 juu ya kipimo, zidisha kwa 0.35 unapata asilimia 17.5 imeondoka mchana kweupe. Paneli hiyohiyo ipeleke Puna saa sita mchana hewa ikiwa nyuzi 8, itakuwa kwenye 38, tuseme 40 kwa sababu hewa nyepesi haipozi vizuri, umepoteza asilimia 5 na kidogo. Tofauti ya asilimia 12 kwenye saa ile yenye jua kuliko zote. Ukichukua wastani wa mwaka mzima pengo linapungua, maana Rajasthan nako kuna miezi ya ubaridi, lakini bado ni umeme mwingi tu.

Ila baridi hiyohiyo ina upande wake mbaya na hapa ndo mahesabu ya wengi yanaharibika. Baridi inayokusaidia ni ya mchana. Inayokuumiza ni ya alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi, paneli imelala nje usiku kucha ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri halafu jua linaipiga ghafla. Volteji ya paneli inapanda kadiri inavyopoa. Tuseme paneli yako ni ya volti 50 kwenye nyuzi 25 na inapanda asilimia 0.25 kwa kila nyuzi inayoshuka: kwenye hasi 20 inakuwa volti 55.6. Mfumo wako mwisho wake ni volti 1,500, kwa hiyo kwenye stringi moja (paneli zilizoungwa mfululizo, volti zao zinajumlishwa) unaweka paneli 26, ya 27 inapitiliza. Jangwani ambako baridi kali kabisa uliyowahi kuirekodi ni nyuzi 5 za juu ya sifuri, paneli ileile inafika volti 52.5 na unaweka 28. Paneli mbili tu, utasema si kitu? Kwenye mradi wa paneli milioni moja hiyo ni stringi 2,700 na ushee za ziada, kila moja na kebo zake, konekta zake na nafasi yake kwenye inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi), na kila konekta ni sehemu nyingine ya kuharibika. Aliyechukua mchoro wa jangwani akaupandisha mlimani bila kugusa idadi ya paneli kwenye stringi, anaweza kuunguza inveta asubuhi ya kwanza ya baridi kali.

Jambo jingine dogo ambalo watu hawaliwazi ni mawingu. Huko juu mwanga unaweza kuvuka wati 1,300 kwa mita ya mraba kwa dakika kadhaa, wakati kipimo cha kiwandani ni 1,000, na inatokea pale mawingu yakiwa pembeni ya jua yanaakisi mwanga kuja kwako juu ya ule wa moja kwa moja. Fyuzi iliyopimwa kwa kubana inakatika siku ya mawingu mawingu, fundi anahangaika anatafuta shoti ambayo haipo.

Vifaa: hapa mlima unakula hela

Vifaa vingi vya umeme vimetengenezwa kwa mtu anayekaa chini. Mstari wa kuukumbuka ni mita 2,000. Hapo ndipo viwango vya kimataifa vya insulesheni vinakuambia anza kuongeza nafasi kati ya vyuma vyenye umeme, kwa sababu hewa nyepesi inaruhusu cheche kuruka kirahisi. Mita 3,000 unazidisha ile nafasi kwa 1.14, mita 4,000 kwa 1.29, mita 5,000 kwa 1.48. Sanduku la swichi lililokuwa na pengo la milimita 10 sasa linataka karibu 13, na hiyo si ya kusogeza kwa bisibisi, ni sanduku jingine kabisa.

Halafu feni. Hewa ya mita 4,000 uzito wake ni kama theluthi mbili ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo feni ya inveta inazunguka kwa kelele zilezile ila inabeba joto dogo. Hewa ya huko ni baridi kweli, inasaidia kufidia, ila si zote zinafidia sawa, na datashiti nyingi zina mkunjo unaoshuka baada ya mwinuko fulani: wengine wanaanza kupunguza nguvu mita 2,000, wengine 3,000, wengine 4,000. Kama inveta yako inapungua asilimia 10 pale ulipo, mradi wa megawati 300 unahitaji inveta za karibu megawati 334. Transfoma nazo ni hivyohivyo, hizo hata hesabu yake inaanzia chini zaidi, mita 1,000.

Na miale ya UV inaongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, plastiki ya nyuma ya paneli na maganda ya kebo yanazeeka haraka. Paneli za vioo pande mbili zinakaa vizuri zaidi huko, na zina faida nyingine kwamba zinakula mwanga wa nyuma, kukiwa na theluji au ardhi ya chumvi nyeupe chini yake unapata umeme wa bure.

Jangwani adui ni vumbi. Bhadla dhoruba za mchanga ni maisha ya kawaida, na kuosha paneli milioni kadhaa kwa maji kwenye jangwa la Thar haiwezekani, ndo maana wanatumia roboti zinazofagia kavu usiku. Hilo ni gharama ya kila siku, miaka 25. Gharama ya mlimani kwa kiasi kikubwa unailipa mara moja mwanzoni, ya jangwani unailipa taratibu taratibu, na mhasibu wako atakuambia hizo ni aina mbili tofauti za maumivu.

Laini ya umeme

Hapa ndo nakaa kidogo maana ndo penyewe.

Nyanda za juu zenye jua zuri karibu zote hazina watu wengi, na pasipo na watu hapana laini. Umeme uliouvuna vizuri kwenye baridi yako nzuri lazima usafiri. China walilimaliza hili kwa ubabe: walijenga laini ya kilovolti 800 ya mkondo mnyoofu (DC) kutoka Qinghai hadi Henan, zaidi ya kilomita 1,500, ikaanza kazi 2020, kwa ajili hasa ya kushusha umeme wa jua, upepo na maji kutoka kule juu. Laini za aina hiyo zinapoteza kama asilimia 3 kwa kila kilomita 1,000, ni kidogo sana, lakini bei yake ni ya nchi, si ya kampuni.

Cauchari wao walikuwa na bahati, au niseme walichagua kwa akili. Kule kwenye Puna tayari ilikuwa inapita laini ya kilovolti 345 iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kupeleka umeme wa gesi kutoka Salta, Argentina, kuvuka Andes kwenda Chile. Mradi ukajengwa sehemu ambayo unaweza kujiunga kwenye hiyo laini kupitia kituo cha Altiplano. Tafakari hilo: mradi maarufu wa mwinuko mkubwa Amerika Kusini usingekuwa hivyo ulivyo kama si laini ya kampuni za gesi. Na mipango ya kuupanua kufika megawati 500 inagusa swali lilelile, jua lipo tele, je, laini ina nafasi?

Ukirudi chini mambo ni mepesi. Benban iko Aswan, jirani na miundombinu ya umeme ambayo imekuwepo tangu enzi za Bwawa Kuu, kwa hiyo serikali ikatenga karibu kilomita za mraba 37, ikakata viwanja, makampuni mengi yakaingia kila mmoja na kiwanja chake wanashirikiana vituo vya kupozea umeme. Mtindo huo mlimani ni mgumu.

Kwa hiyo mtu akikuletea ramani ya jua yenye rangi nyekundu iliyokolea mwambie asante, sasa lete ramani ya laini. (Ramani ya jua ni ya bure kabisa, Benki ya Dunia wanayo, Global Solar Atlas, unabofya sehemu yoyote inakupa makadirio. Usimlipe mshauri kwa hicho.)

Jua likizama

Mlimani kuna kitu ambacho jangwa la chini kwa kawaida halina: mito mikubwa inaanzia huko, na penye mito kuna mabwawa. Longyangxia ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Bwawa lake kwenye Mto Njano lina mitambo minne ya megawati 320, jumla 1,280, lilikuwepo tangu miaka ya 1980. Sola ikaja kuwekwa pembeni, megawati 320 mwaka 2013 na 530 mwaka 2015, ikaunganishwa kwenye bwawa kana kwamba ni mtambo wa tano. Jua likiwaka bwawa linabana maji, wingu likipita mitambo ya maji inafungua, gridi inapokea umeme uliotulia haijui hata kama kuna wingu. Maji yaliyobanwa mchana yanatumika usiku. Hapo umepata betri ya ukubwa wa kutisha bila kununua betri, na laini ya bwawa iliyokuwa haitumiki yote sasa inatumika zaidi.

Kela wamefanya hivyohivyo kwa ukubwa zaidi, sola ya megawati 1,000 iliyoanza Juni 2023 inashika mkono na bwawa la Lianghekou la megawati 3,000, umbali wa kama kilomita 50. Huko msimu nao unasaidia: msimu wa ukame, ambao huko ni wakati wa baridi, mto unapungua ila anga liko wazi, msimu wa mvua mto unajaa ila mawingu mengi, kila mmoja anamfichia mwenzake aibu.

Usipokuwa na bwawa inabidi betri, na betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, kwa hiyo mlimani kontena la betri linakuwa na hita inayokula umeme wako usiku. Inawezekana, Caipeng wamefanya, wana betri za megawati-saa 80 kwenye mita zaidi ya 5,000. Jangwani ni kinyume, unalipia kiyoyozi. Hapa naona ngoma droo.

Watu na ardhi

Mtu anayefanya kazi mita 4,500 hafanyi kazi ya mtu wa chini, hilo halina ubishi. Wafanyakazi wanahitaji siku za kuzoea, mitungi ya oksijeni, daktari eneo la kazi, na zamu fupi. Mashine za dizeli nazo zinakosa pumzi. Ardhi ya kule mara nyingi inaganda na kuyeyuka, nguzo iliyochimbiwa juu juu inasukumwa na barafu mwaka kwa mwaka mpaka safu ya paneli inapinda, kwa hiyo lazima uchoronge kwenda chini ya kina kinachoganda. Jangwani mtu anakufa na joto, kweli, ila unahamishia kazi alfajiri na jioni maisha yanaendelea. Mwinuko haukupi ratiba ya kuukwepa.

Malisho ni pande zote mbili, msidhani jangwa halina mwenyewe. Longyangxia majani yaliota chini ya paneli, kivuli kinatunza unyevu na maji ya kuoshea yanadondoka hapo hapo, sasa kondoo wanalishwa humo ndani na kampuni haihangaiki kufyeka. Kule Jujuy jamii za wenyeji wa Puna ndio wenye ardhi na walikubaliana kupata sehemu ya mapato. Hayo maongezi yafanyike kabla, si baada ya lori la kwanza kufika.

Bei

Cauchari waliingia mkataba wa miaka 20 kwenye mnada wa 2016 kwa karibu dola 60 kwa megawati-saa. Bhadla mwaka 2017 mnada ulishuka hadi rupia 2.44 kwa uniti (kilowati-saa moja), ambayo kwa wakati huo ni chini ya dola 40 kwa megawati-saa. Utasema basi mlima ni ghali. Subiri. Mkoa wa Jujuy ulipata mkopo mkubwa wa Exim Bank ya China, na sehemu nyingine ulitoa hatifungani ya kijani ya dola milioni 210 kwa riba ya asilimia 8.625. Kwa riba kama hiyo hata ujenge peponi bei itapanda. Sola ni mradi ambao hela yote inatoka mwanzoni, mafuta hununui, kwa hiyo riba ndo mafuta yako. Ukilinganisha bei za nchi mbili bila kuangalia riba unalinganisha benki, si mwinuko.

Basi uchague nini

Kama una bwawa lililopo tayari, mwinuko mita 2,000 hadi 3,000 na hali kavu, usifikirie mara mbili, panda juu. Kwangu mimi hiyo ndo sehemu tamu kuliko zote, unapata baridi ya mchana bila kupigwa na adhabu zote za vifaa vya mita 4,000.

Kama ni mita 4,000 na zaidi, panda tu kama laini yenye nafasi inapita karibu, au kuna mteja mkubwa hapohapo juu kama migodi ambao leo wanachoma dizeli au gesi. Bila hivyo viwili acha, hata kama jua ni la dhahabu.

Kama huna bwawa, mji wako mkubwa uko chini na laini iko chini, chukua jangwa la joto, kubali kupoteza hizo asilimia za joto, nunua paneli zenye upungufu mdogo wa joto, na bajeti ya kusafisha iwe ndani ya mkataba wa uendeshaji kuanzia siku ya kwanza.

Na wewe uliyeamua kupanda, kwenye tenda yako andika mwinuko wa eneo kwa namba, andika na baridi kali zaidi iliyowahi kurekodiwa hapo, kisha dai barua ya mtengenezaji wa inveta, transfoma na swichi inayosema kifaa hicho kwa mwinuko huo kinatoa kilowati ngapi na garantii inabaki palepale. Atakayeleta datashiti ya kawaida tu ya mita 2,000 mrudishie bahasha yake.